Bei ya Mbaazi Zetu Huamuliwa New Delhi

Mheshimiwa Mwenyekiti, viongozi wa vyama vya msingi, maafisa ushirika, wanunuzi mliofika, na ninyi ndugu zangu wakulima wa Lindi na Mtwara, asanteni kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie uchumi wa India: unavyokua, na serikali ya kule inafanya nini kuukuza. Najua wapo humu wanaojiuliza mkulima wa Nachingwea anahusika vipi na mipango ya New Delhi. Nianze na hilo.

Tarehe 5 Agosti 2017 serikali ya India ilitoa tangazo fupi: mbaazi zitakazoingia nchini humo kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Basi. Kilichofuata hapa mnakijua kuliko mimi. Msimu ulikuwa umeshaanza, magunia yameshashonwa, madeni ya pembejeo yanasubiri, na bei ikaporomoka mpaka wapo walioziacha mbaazi shambani kwa sababu kuvuna kulikuwa ghali kuliko kuuza. Wengi walimlaumu mchuuzi, wengine wakalaumu mizani, wengine chama. Mchuuzi ana yake ya kujibu, lakini bei ile haikuangushwa na mchuuzi. Iliangushwa na karatasi iliyosainiwa New Delhi.

Ndiyo maana nasema tunahitaji kuijua India si kwa sinema zake, wala kwa maduka ya Kariakoo, bali kwa namna serikali yake inavyofikiri. Ikifikiri vingine, sisi huku tunalipwa au tunakopwa.

Nirudi nyuma, maana tangazo la 2017 lina mizizi mirefu.

Mwaka 1965 na 1966 mvua zilikataa India. Taifa lilikuwa na miaka chini ya 20 tangu lipate uhuru, na lilikuwa linakula ngano ya Marekani. Rais Lyndon Johnson alikuwa akiruhusu meli za ngano kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, ili India isisahau nani anailisha. Waziri Mkuu Lal Bahadur Shastri aliwaomba wananchi wake waache mlo mmoja kwa wiki. Hebu fikirini kiongozi wa taifa la mamia ya mamilioni ya watu akisimama kuomba hivyo. Aibu ile haikusahaulika. Mwaka 1965 likaanzishwa shirika la serikali la kununua na kuhifadhi nafaka. Mwaka uliofuata wakaagiza mbegu fupi za ngano kutoka Mexico, na mwanasayansi M. S. Swaminathan na wenzake wakazipeleka Punjab na Haryana, kwenye mifereji ya umwagiliaji. Serikali ikamwahidi mkulima: lima ngano, lima mpunga, bei ya chini ambayo hatutashuka chini yake tumeshaitangaza, mnunuzi wa mwisho ni sisi.

Ahadi hiyo ilifanya kazi. India leo inalisha watu zaidi ya bilioni 1.4, na kwa miaka mingi imekuwa muuzaji mkubwa wa mchele kuliko nchi yoyote. Lakini angalieni nani aliachwa. Bei zilitangazwa kwa mazao mengi, hata kunde za aina zote, ila ununuzi wa kweli, ule wa lori la serikali kuja sokoni, ulikuwa wa ngano na mpunga. Mbaazi, choroko na dengu zilibaki kwenye ardhi ya kutegemea mvua, mikononi mwa wakulima maskini. Mhindi hali wali au chapati bila mchuzi wa mbaazi zilizopasuliwa, ule wanaouita dal. Kwa maskini, na kwa wale wasiokula nyama kwa imani, ndio nyama yake. Kwa hiyo nchi ikawa mzalishaji wa kwanza wa kunde duniani, mlaji wa kwanza, na mnunuzi wa kwanza kutoka nje, yote kwa pamoja. Pengo hilo ndilo soko letu. Sisi tunazipika kwa nazi na kuzila na mahamri asubuhi, lakini shamba la mbaazi la kusini limepandwa kwa ajili ya sufuria za kule.

Sasa tazameni mzunguko. Mvua zilikuwa mbaya 2014 na 2015. Mwishoni mwa 2015 kilo moja ya mbaazi zilizopasuliwa ilifika rupia 200 katika baadhi ya miji ya India, na watu wakaandamana. Serikali ikapandisha bei ya chini, ikaanza kuweka akiba, ikawahimiza wafanyabiashara waagize kutoka nje, na Julai 2016 ikasaini makubaliano ya miaka mitano na Msumbiji. Mkulima wa Kihindi naye aliona bei, akapanda. Mvua ya 2016 ikawa nzuri. Mavuno yakaruka kutoka takriban tani milioni 2.5 hadi karibu milioni 4.9. Bei kwenye masoko yao ikaanguka chini ya ile iliyotangazwa, wakulima wao wakawaka, na serikali ikafunga mlango. Sisi tulikuwa tumesimama mlangoni na magunia.

Kwa hiyo serikali ile haikutuchukia. Ilikuwa inamwogopa mlaji wake 2015 na mkulima wake 2017. Julai 2023 ilifanya hivyohivyo upande wa pili: ilipiga marufuku kuuza nje mchele mweupe wa kawaida ili bei isipande nyumbani, na zuio hilo likadumu zaidi ya mwaka. Mwenye kufanya biashara na India na aandike hili kichwani: mlaji wake kwanza, mkulima wake pili, sisi baadaye. Nchi yenye kumbukumbu ya njaa haiwezi kufikiri vinginevyo, na siwalaumu.

Hayo ni ya chakula. Uchumi kwa ujumla una hadithi nyingine, na mwaka wake ni 1991.

Kuanzia uhuru, ukitaka kufungua kiwanda India, au kukipanua, au kuagiza mashine, ulihitaji kibali, na kibali juu ya kibali. Sisi tulioishi enzi za mashirika ya umma na foleni za duka la ushirika tunaelewa bila kufafanuliwa. Kufikia katikati ya 1991 akiba ya fedha za kigeni ilibaki ya kununua bidhaa za wiki chache tu. Serikali ikasafirisha karibu tani 47 za dhahabu kwenda nje kuweka rehani. Kwa Mhindi, dhahabu ni kitu cha harusi, cha bibi, cha siku ya shida. Habari ile iliwauma sana. Tarehe 24 Julai 1991 waziri wa fedha Manmohan Singh, chini ya Waziri Mkuu Narasimha Rao, akasoma bajeti iliyoanza kuondoa vibali na kufungua milango. Tangu hapo uchumi wao haukurudi kwenye mwendo wa kinyonga. Mwaka 2022 uliupita wa Uingereza kwa ukubwa na kuwa wa tano duniani, na miaka mingi hukua kwa zaidi ya asilimia 6.

Lakini gawanyeni uchumi huo kwa watu wake wote. Pato la mtu mmoja kwa mwaka bado halijafika dola 3,000. Kwa hiyo anayekuja hapa kuwaambia India ni tajiri, muulizeni India ya nani.

Jambo ambalo mimi linanivutia kuliko kasi ya ukuaji ni njia waliyoijenga ya kumfikia mtu wa chini, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1985 Waziri Mkuu Rajiv Gandhi alikiri hadharani kwamba katika kila rupia ambayo serikali inatoa kwa ajili ya maskini, paisa 15 tu ndizo zinazomfikia. Rupia ina paisa 100. Nyingine zilinywewa njiani na mtandao wa maofisa na madalali. Unaweza kuongeza bajeti kila mwaka. Kama mfereji unavuja, unamwagilia magugu. Serikali zilizofuata, za vyama vinavyopingana, zikaja kujenga mfereji mpya kwa awamu tatu.

Kwanza kitambulisho. Mwaka 2009 iliundwa mamlaka chini ya Nandan Nilekani, mtu wa kampuni za kompyuta, ya kumpa kila mkazi namba ya tarakimu 12 inayofungwa na alama za vidole na mboni za macho. Inaitwa Aadhaar, na zaidi ya watu bilioni 1.3 wameipata. Kisha akaunti ya benki: tarehe 28 Agosti 2014 serikali ya Narendra Modi ilizindua mpango wa akaunti zisizodai salio, na kufikia 2023 zilikuwa zimevuka milioni 500, zaidi ya nusu zikiwa za wanawake. Mwisho simu. Aprili 2016 ulizinduliwa mfumo wa malipo uitwao UPI, unaoendeshwa na shirika la pamoja la mabenki chini ya usimamizi wa benki kuu.

Nieleze UPI kwa macho, maana ndiyo sehemu iliyo karibu na maisha yetu. Muuza chai wa pembeni mwa barabara ana karatasi yenye mchoro wa vimraba vyeusi, imebandikwa kwenye kigari chake. Mteja anaelekeza simu, anaweka rupia 10, anabonyeza namba ya siri. Kisanduku kidogo cha spika kando ya birika kinatamka kwa lugha ya muuzaji kwamba rupia 10 zimeingia. Muuzaji hakuacha kumimina chai. Mteja ana benki yake, muuzaji ana nyingine, programu za simu ni za kampuni tofauti, na hakuna anayejali. Mteja halipi ada, muuzaji halipi ada. Kufikia Agosti 2023 miamala ilipita bilioni 10 kwa mwezi mmoja, na Agosti 2025 ikapita bilioni 20.

Afrika Mashariki tulitangulia. M-Pesa ilianza Kenya 2007 wakati India hata haijaanza kugawa namba za Aadhaar. Tofauti ni kwamba barabara yetu ilijengwa na kampuni na kila anayepita analipia, na barabara yao ilijengwa kama barabara ya umma. Mnakumbuka tozo za miamala za Julai 2021 na jinsi watu walivyorudi kubeba noti mfukoni. Mimi naona hapo India walichagua vizuri, na ni uamuzi wa serikali, si muujiza wa teknolojia. Una gharama, kwa maana hazina yao inawafidia mabenki sehemu ya kazi hiyo, lakini ni gharama ya halali kama ya kujenga daraja.

Mfereji huo ndio uliopitisha fedha. Tangu 2019 familia ya mkulima inaingiziwa rupia 6,000 kwa mwaka, mara tatu, 2,000 kila mara. Mwaka 2020 wakati wa Korona, wanawake takriban milioni 200 wenye zile akaunti waliingiziwa rupia 500 kwa mwezi kwa miezi mitatu. Ni hela ndogo, ila ilifika bila mtu kusimama katikati. Na kwa nafaka, watu wapatao milioni 800 wanapewa kilo 5 kwa mwezi bila malipo. Benki ya Dunia ilitoa hesabu 2025 kwamba walio katika umaskini uliokithiri walishuka kutoka asilimia 27 mwaka 2011 hadi kama asilimia 5 mwaka 2022. Wataalamu wanabishana juu ya hesabu hizo, na wana sababu: serikali ilizuia matokeo ya utafiti wa matumizi ya kaya wa 2017 yasichapishwe, na sensa iliyokuwa ifanyike 2021 iliahirishwa, sasa imepangwa 2027. Nchi kubwa hivyo kukaa bila sensa kwa zaidi ya miaka 15 ni jambo baya. Hata hivyo, kwamba maskini wamepungua sana, silitilii shaka.

Sasa upande wa pili wa mfereji huohuo. Duka la mgao wa nafaka kijijini lina mashine ndogo. Unaweka kidole, inakutambua, unapimiwa mchele. Lakini kidole cha mama aliyepasua kokoto au kupanda mpunga miaka 30 kimelika, hakina mistari. Mashine inakataa. Au mtandao haupo. Au namba haikuunganishwa na kadi. Mwaka 2017 katika jimbo la Jharkhand alikufa mtoto wa kike wa miaka 11, na familia yake ikasema alikufa kwa njaa baada ya kadi yao ya mgao kufutwa kwa kutounganishwa na Aadhaar. Serikali ilikana kuwa ni njaa. Mimi sina uwezo wa kuamua kati yao. Ninachosema ni kwamba mfumo wowote unaomwambia mwenye njaa "hujatambulika, rudi kesho" unahitaji mtu mwenye mamlaka ya kusema "mpimieni kwanza." Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, mwaka 2018, iliukubali mfumo huo kwa huduma za serikali lakini ikawazuia wafanyabiashara binafsi kulazimisha watu kutoa namba zao. Na sisi tunaosajili wakulima kwa mifumo ya kidijitali ili wapate mbolea ya ruzuku tuyasikilize haya kwa makini, maana mkulima asiyeonekana kwenye mfumo hata hapa hapati mbolea.

Nije kwenye yale yaliyotangazwa kutoka juu. Usiku wa tarehe 8 Novemba 2016 Waziri Mkuu Modi alitangaza kwenye televisheni kwamba noti za rupia 500 na 1,000 hazitakuwa halali kuanzia usiku wa manane. Noti hizo zilikuwa asilimia 86 ya thamani ya fedha taslimu yote iliyokuwa mikononi mwa watu. Lengo lililotajwa lilikuwa kunasa fedha haramu. Wiki kwa wiki watu walipanga foleni benki, vibarua hawakulipwa, wakulima waliokuwa wanapanda hawakuwa na hela ya mbegu. Baadaye benki kuu ikatangaza kwamba zaidi ya asilimia 99 ya noti zile zilirudi benki. Maana yake fedha haramu iliyokusudiwa kunaswa, ama haikuwa kwenye noti, ama ilipata njia. Mateso yalikuwa ya asiye na hatia.

Machi 2020 hivyohivyo. Tarehe 24 jioni ikatangazwa nchi kufungwa, zikiwa zimebaki saa nne tu kabla ya utekelezaji. Vibarua wa miji mikubwa, waliotoka majimbo ya mbali, wakajikuta bila kazi, bila chumba, bila treni. Walitembea kwa miguu mamia ya kilomita, watoto begani. Picha zile ziliiambia dunia jambo ambalo takwimu za ukuaji hazikuwa zimelisema: mamilioni ya watu waliojenga majengo ya Delhi na Mumbai hawakuwa na hata wiki moja ya akiba.

Na wakulima nao. Septemba 2020 bunge lilipitisha haraka sheria tatu za kubadilisha masoko ya mazao. Zilikuwa na mambo ya maana ndani yake, nakubali, lakini hakuna aliyekaa na wakulima. Wa Punjab na Haryana waliona ni mwanzo wa kuondolewa ile ahadi ya bei, wakaenda na matrekta hadi mipakani mwa Delhi, wakapika, wakalala, wakazika wenzao, kwa mwaka mzima. Tarehe 19 Novemba 2021 Modi akatangaza sheria zinaondolewa. Hapa kusini tunajua mkulima akikasirikia mfumo wa ununuzi inakuwaje, kwa hiyo sihitaji kusema zaidi.

Kazi ndiyo donda kubwa. Septemba 2014 ilizinduliwa kampeni ya kutengeneza bidhaa nchini, kwa lengo la viwanda kufikia robo ya pato la taifa. Mwaka 2020 ukaongezwa mpango wa kuwalipa wenye viwanda kulingana na wanachozalisha, katika sekta 14. Simu zimefanikiwa, leo simu za iPhone zinaunganishwa Tamil Nadu na Karnataka kwa wingi. Ila sehemu ya viwanda katika uchumi bado iko chini ya asilimia 20, na karibu asilimia 46 ya wafanyakazi bado wako shambani. Mwanzoni mwa 2022 vijana wa Bihar walichoma mabehewa. Shirika la reli lilikuwa na nafasi takriban 35,000 na waombaji wapatao milioni 12.5. Hao ni vijana waliosoma, katika nchi ambayo kila gazeti la uchumi linaisifia. Fedha ikimfikia mtu kwa simu ni jambo jema, lakini rupia 500 za msaada hazimwozeshi mtu mke wala hazimjengei nyumba.

Kuna sehemu moja ambapo waliunganisha yote mawili, kipato na umiliki, na ni ya ushirika. Ndiyo niliyotaka sana ninyi muisikie.

Wilaya ya Kaira, Gujarat, 1946. Wafugaji wa ng'ombe wawili watatu, nyati mmoja wa kufugwa, walikuwa wakiuza maziwa kwa madalali waliokuwa wakiyapeleka kwa kampuni moja yenye haki ya pekee ya kuyasafirisha Bombay. Bei alipanga dalali. Maziwa hayasubiri, ukikataa bei asubuhi, mchana yameganda. Walimwendea Vallabhbhai Patel, kiongozi wa harakati za uhuru, akawaambia wamwondoe dalali kwa kuanzisha chama chao wenyewe. Wakagoma kuuza maziwa kwa siku 15. Desemba mwaka huo chama chao kikasajiliwa chini ya uenyekiti wa Tribhuvandas Patel. Mwaka 1949 akafika mjini Anand mhandisi kijana, Verghese Kurien, akakaa maisha yake yote. Bidhaa zao mnaweza kuzijua kwa jina la Amul.

Tazameni kazi inavyokwenda kijijini. Asubuhi na jioni, mama anabeba kopo lake hadi kituo cha chama. Maziwa yanapimwa uzito mbele yake. Sampuli ndogo inachukuliwa, inapimwa mafuta, na bei inatokana na mafuta hayo, si na sura ya mama wala ujomba na karani. Anapewa risiti papo hapo. Mwenye nyati mmoja anapangwa foleni na mwenye nyati 20. Chama cha kijiji ni mwanachama wa muungano wa wilaya, na muungano wa wilaya ndio wenye kiwanda. Miungano inaunda shirikisho la jimbo, na shirikisho ndilo linalouza na kutangaza. Mfugaji hauzi maziwa kwa kiwanda cha mtu, anapeleka maziwa kwenye kiwanda chake. Meneja ni mwajiriwa, anaweza kuwa msomi wa hali ya juu, lakini anawajibika kwa bodi ya wafugaji.

Serikali ilifanya nini? Mwaka 1964 Waziri Mkuu Shastri, yuleyule aliyeomba watu waache mlo, alikwenda huko akalala kijijini kuona kwa macho yake. Mwaka uliofuata ikaundwa bodi ya taifa ya maziwa, na makao yake yakawekwa Anand, kwa wafugaji, si Delhi. Kuanzia 1970, maziwa ya unga na mafuta ya siagi yaliyotolewa msaada na Ulaya hayakugawiwa bure; yaliuzwa, na fedha ikajenga vyama vingine nchi nzima kwa mfano ule. Mwaka 1998 India ikaipita Marekani na kuwa ya kwanza kwa maziwa duniani. Serikali iliweka nguvu, mtaji na ulinzi, kisha ikaacha chama kiwe cha wenyewe.

Sisi tuna vyama vya msingi, tuna stakabadhi ghalani, tuna mnada. Hivyo ni vyetu na vimesaidia kumpunguza kangomba, yule mlanguzi anayenunua nje ya mfumo. Lakini korosho zetu nyingi bado zinapakiwa ghafi kwenye meli, zinakwenda kubanguliwa na akina mama wa Kollam kule Kerala, au Vietnam, na mbaazi zinakwenda nzima kupasuliwa huko. Thamani inaongezeka baada ya bahari. Kiwanda cha kupasua mbaazi si kiwanda cha ndege. Ni jambo ambalo muungano wa vyama kadhaa unaweza kulikokotoa kwa kalamu.

Nimalizie na la mbele yetu. Oktoba 2025 serikali ya India iliidhinisha mpango mpya wa miaka sita wa kujitosheleza kwa kunde, na mbaazi ni mojawapo ya mazao matatu yaliyotajwa kwa jina. Lengo ni kufikia tani milioni 35 za kunde ifikapo msimu wa 2030/31, pamoja na ahadi ya kununua kwa bei ya chini iliyotangazwa. Ndiyo ile ahadi ya ngano ya miaka ya 1960, safari hii kwa mbaazi. Huenda wasifikie lengo. Mvua zao hazitabiriki na ulaji unaongezeka. Lakini mkulima anayepanga kwa kutegemea kwamba jirani atashindwa, anacheza bahati nasibu.

Tangu Mei 2021 mlango wa mbaazi umekuwa wazi kwa ruhusa inayoongezwa mwaka hadi mwaka. Ruhusa ya namna hiyo inaweza isiongezwe. Nguvu tuliyonayo ni majira: mbaazi zetu huvunwa kati ya Julai na Oktoba, zao huanza kuingia sokoni Desemba. Katikati hapo maghala yao huwa yamepungua. Gunia letu likichelewa kwenye karatasi au bandarini hadi Desemba, limepoteza faida yake yote, kwa hiyo ratiba ya mnada ni suala la bei kama ubora ulivyo.

Na kuna mkataba. Mwaka 2017 mlango ulipofungwa, makubaliano ya Msumbiji yaliheshimiwa. Bei iliwashukia hata wao, lakini tani zao zilikuwa zimeandikwa. Malawi nao waliandikiwa tani 50,000 kwa mwaka kuanzia 2021. Mbaazi za Tanzania ni nyingi kuliko hizo. Oktoba 2023 Rais Samia alikwenda New Delhi na uhusiano wa nchi mbili ukapandishwa hadhi, kwa hiyo milango ya mazungumzo ipo wazi. Naomba kila chama cha msingi kilichopo hapa kiandike barua kupitia chama kikuu kwenda Wizara ya Kilimo na Wizara ya Viwanda na Biashara, kikiuliza mambo mawili: mbaazi zetu zina tani ngapi zilizoandikwa kwa jina la Tanzania, na kwa miaka mingapi. Barua ziende kabla ya mbegu haijaingia ardhini, ili jibu litusaidie kuamua ekari.

Makatibu, nimewaachia rasimu ya barua hiyo mezani kwa Mwenyekiti. Sasa niko tayari kwa maswali, na ningependa aanze mtu aliyevuna mbaazi mwaka ule wa 2017.